Ndani ya Nafsi: Plotinus na Augustine

Katika tenzi za Homer, nafsi haina kazi kubwa kwa aliye hai. Huonekana hasa inapomtoka mtu afapo, ikashuka kuzimu mfano wa kivuli. Socrates, aliyenyweshwa sumu Athens mwaka 399 K.K., aliwahimiza wenzake waitunze kuliko mali. Lakini kuitunza nafsi si kuingia ndani yake.

Aliyeifanya safari hiyo kuwa falsafa nzima ni Plotinus, aliyesoma Iskandaria, akafundisha Roma, akafariki mwaka 270. Mwanafunzi wake Porphyry asimulia kuwa alikataa kuchorwa sura yake. Mwili wenyewe, kwake, ulikuwa picha tosha. Ajitazamaye ndani hakuti siri zake binafsi. Hukuta Akili ile ile iliyo ya wote, na juu yake yule Mmoja.

Augustine, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alivisoma vitabu vya wafuasi wa Plato kwa tafsiri ya Kilatini. Katika Maungamo yake, ya karibu na mwaka 400, aishika njia hiyo hiyo, ila akuta kitu kingine: kumbukumbu, pana kama kasri, na humo wizi wa mapeasi alioufanya ujanani. Plotinus asingeujali wizi huo. Kwa Augustine ndani pamekuwa pa mtu mmoja, pamefichika kwa wenzake, na kumtafuta Mungu ni kupita humo kisha kupanda juu.

Plotinus naye alifasiriwa kwa Kiarabu Baghdad, karne ya 9, kitabu kikadhaniwa ni cha Aristotle. Humo nafsi ingali ya wote.