Habari za runinga: ni mali ya nani, na nani anaruhusiwa kuziweka?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Pwani daftari letu siku hizi limekuwa runinga na simu. Ahadi hutolewa mbele ya kamera, jioni tunaiona kwenye taarifa, kisha miaka miwili ikipita kila mtu anabishana alichosema mheshimiwa, na hakuna mwenye ushahidi.

Chukua bandari ya Lamu. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki aliizindua akiwa na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya tarehe hizo zilitolewa hotuba na ahadi nyingi, na sehemu yake ilirushwa hewani. Je, kijana wa Lamu au Kilifi akizirekodi na kuziweka, amevunja sheria? Swali hili huulizwa sana, na majibu ya barazani mengi si sahihi.

Habari haina mwenyewe, tangazo linaye

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili. Tukio lenyewe halina hakimiliki. Kwamba bandari ilizinduliwa siku fulani, yeyote anaweza kulisema na kuliandika. Lakini picha, sauti, maelezo ya mwandishi na namna taarifa ilivyopangwa ni kazi ya kituo cha runinga, na sheria inailinda. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, tangazo hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka liliporushwa. Kwa hivyo kusema "ilionyeshwa bure, basi ni yetu sote" ni kosa.

Wamarekani walivyolimaliza

Kesi yenye mafunzo zaidi ni ya Nashville, Marekani. Mwaka 1968 bwana mmoja wa kampuni ya bima, Paul Simpson, aligundua kwamba vituo vikubwa vya runinga vilikuwa vikifuta kanda za taarifa zao za jioni baada ya wiki mbili hivi. Kanda zilikuwa ghali, zikitumiwa tena na tena. Ule ulikuwa mwaka wa vita vya Vietnam na uchaguzi mkali. Simpson akakishawishi Chuo Kikuu cha Vanderbilt kuanza kurekodi, na tarehe 5 Agosti mwaka huo kazi ikaanza.

Desemba 1973 kituo cha CBS kikakishtaki chuo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: hii ni kazi yetu, mnaazimisha nakala bila ruhusa. Chuo nacho kikajibu kwamba bila wao historia ya nchi ingefutwa. Kabla mahakama haijakata shauri, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki ya 1976. Kwa juhudi za Seneta Howard Baker wa Tennessee, ndani yake kikawekwa kifungu kinachoruhusu maktaba na hifadhi kunakili vipindi vya habari na kuazimisha nakala chache. Kesi ikaachwa, na hifadhi ile ikaendelea na kazi.

Mbali na kifungu hicho, Marekani ina kanuni pana ya matumizi ya haki. Jaji hupima mambo manne: umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia mwenyewe soko kiasi gani.

Kanuni hiyo ina mipaka. Kampuni ya TVEyes ilirekodi zaidi ya vituo 1,400 na kuwauzia wateja huduma ya kutafuta na kutazama vipande vya hadi dakika kumi. Fox News ikashtaki, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya New York ikasema huduma ya video ilipita kiasi, kwa sababu TVEyes ilijipatia pesa ambazo zilistahili kwenda kwa mwenye kazi. Kinyume chake ni Marion Stokes wa Philadelphia, aliyerekodi runinga nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 2012, akaacha kanda zipatazo 70,000. Hakuuza hata moja. Baadaye zilichukuliwa na Internet Archive.

Sisi Kenya tuko wapi?

Sheria yetu ni nyembamba kuliko yao. Inaruhusu matumizi ya haki kwa malengo iliyoyataja: utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki, na kuripoti matukio ya sasa kwa kutaja chanzo. Pia inaruhusu kunakili kunakofanywa chini ya serikali, au na maktaba za umma na vituo vya kumbukumbu visivyo vya biashara vilivyoainishwa rasmi, iwapo ni kwa manufaa ya umma na hakuna mapato yanayopatikana.

Hapo ndipo penye mzigo. Kikundi cha vijana cha mtaani, hata kiwe na nia safi, hakihesabiki moja kwa moja kuwa maktaba. Kurekodi taarifa ukaiweka nyumbani kwa utafiti wako ni jambo moja. Kuipakia nzima kwenye intaneti ni jambo jingine, na tangu marekebisho ya 2019 mwenye hakimiliki ana njia ya kisheria ya kumtaka mtoa huduma aiondoe.

Kwa anayetaka kuanza leo, ushauri wangu ni huu. Andika jina la kituo, tarehe na saa ya kila kipande. Ukikionyesha hadharani, chukua sehemu fupi inayohitajika tu, na uifafanue au kuihakiki. Usiuze. Usikate maneno yakageuka maana, kwani hapo umetoka kwenye hakimiliki ukaingia kwenye uongo. Na kikiandikia kituo barua ya kuomba ruhusa, kikundi hakipotezi kitu.

Lakini dawa ya kudumu si ya mtu mmoja mmoja. Naamini kaunti zetu za Pwani, pamoja na maktaba za umma na Makavazi ya Kitaifa, zinaweza kukaa na vituo vya runinga zikaafikiana: nakala zihifadhiwe, zitazamwe hapo hapo na wanafunzi na watafiti, kituo kibaki na haki ya kuuza picha zake. Mwenye mali hadhulumiwi, na mvuvi wa Lamu anapoambiwa "hatukusema hivyo", awe na mahali pa kwenda kutazama.