Hasira ya Vita Inapotafuta Chama

Usiku wa tarehe 18 Desemba 1901, David Lloyd George alitolewa katika ukumbi wa mji wa Birmingham akiwa amevalishwa sare ya polisi. Mbunge huyo kijana wa chama cha Liberal alikuwa amekwenda kupinga vita ambavyo Uingereza ilikuwa ikipigana na Makaburu wa Afrika Kusini. Alikwenda kuvipinga katika ngome ya Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni na mtetezi mkuu wa vita hivyo. Umati ulivunja madirisha, ukavamia ukumbi, na polisi hawakuona njia nyingine ya kumtoa akiwa hai.

Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ya Waziri Mkuu Lord Salisbury ilikuwa imeitisha uchaguzi wakati vita vikionekana kuelekea ushindi, ikajizolea viti takriban 400. Waliberali waliingia katika uchaguzi huo wakiwa wamegawanyika: Asquith na Grey waliunga mkono vita, Lloyd George alivilaani, na kiongozi wao Campbell-Bannerman alihangaika kuwashika wote. Mwananchi aliyechukizwa na vita angempa nani kura yake? Katika jimbo moja mgombea wa Liberal alikuwa upande wake, katika jimbo la pili alikuwa dhidi yake.

Swali hilo limerudi kila demokrasia inapokwenda vitani. Historia inaonyesha kwamba chuki ya vita peke yake haimwondoi mpiga kura katika chama chake. Lazima kuwe na chama kingine kilichosimama wazi upande wa pili, na mpiga kura aamini kuwa akikipa kura hatakuwa amemsaidia adui yake mwingine.

Marekani ilitoa somo gumu mwaka 1968. Tarehe 12 Machi, katika kura za mchujo za chama cha Democratic jimboni New Hampshire, Seneta Eugene McCarthy, mpinzani wa vita vya Vietnam, alipata asilimia 42 dhidi ya 49 za Rais Lyndon Johnson. Kumkaribia kiasi hicho rais aliye madarakani kulitafsiriwa kote kuwa ni sauti ya amani, na kabla mwezi haujaisha Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena. Watafiti walipochunguza baadaye, walikuta kwamba miongoni mwa wapiga kura wa McCarthy, waliolalamika kuwa Johnson hapigi vita kwa nguvu za kutosha walikuwa wengi kuliko waliotaka vita vikome. Wote walikuwa wamechoshwa na Johnson, na jina la McCarthy ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Ulipofika uchaguzi wa Novemba, Nixon wa Republican na Humphrey wa Democratic hawakutofautiana waziwazi juu ya namna ya kutoka Vietnam, na Nixon alishinda kwa tofauti isiyofika asilimia 1 ya kura.

Mfano ulio wazi kuliko yote, hata hivyo, ni Uingereza ya Waziri Mkuu Tony Blair wa chama cha Labour. Tarehe 15 Februari 2003 London ilifurika waandamanaji waliopinga kuivamia Iraq. Polisi walikadiria watu 750,000, waandaaji wakataja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Mwezi uliofuata Robin Cook alijiuzulu katika baraza la mawaziri, na kesho yake, tarehe 18 Machi, wabunge 139 wa Labour walimwasi Blair, kiongozi wao. Vita viliidhinishwa vilevile, kwa sababu chama kikuu cha upinzani, Conservative, kilikuwa bega kwa bega na Blair. Kati ya vyama vitatu vikubwa, Liberal Democrats wa Charles Kennedy pekee ndio waliopinga.

Matokeo hayakuchelewa. Septemba 2003, katika uchaguzi mdogo wa Brent East, kaskazini-magharibi mwa London, Sarah Teather wa Liberal Democrats alilinyakua jimbo ambalo miaka miwili nyuma Labour ililishinda kwa zaidi ya kura 13,000. Chama chake kilikuwa cha tatu hapo awali. Julai 2004 Leicester South nayo ikaenda njia hiyo hiyo.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 5 Mei 2005 ulikuja siku chache baada ya kuchapishwa kwa ushauri wa Mwanasheria Mkuu wa serikali, ulioonyesha mashaka yake juu ya uhalali wa vita. Labour ilipoteza zaidi ya kura milioni moja ikilinganishwa na 2001, na wingi wake bungeni ukashuka kutoka 167 hadi 66. Liberal Democrats walifikisha viti 62. Hornsey and Wood Green, Cambridge, Manchester Withington: miji ya vyuo na vitongoji vya wasomi vilihama. Mashariki mwa London, katika jimbo la Bethnal Green and Bow lenye wakazi wengi wa asili ya Bangladesh, George Galloway, aliyefukuzwa Labour na kugombea kwa chama kipya cha Respect, alimwangusha mbunge wa Labour Oona King kwa kura 823. Huko Sedgefield, jimbo la Blair mwenyewe, Reg Keys, aliyefiwa na mwanawe Iraq akiwa askari, alisimama kama mgombea binafsi na kupata kura 4,252. Blair alilazimika kusimama jukwaani nyuma yake akimsikiliza baba huyo akizungumza, na kamera zilikuwa zikirekodi.

Blair alishinda hata hivyo, kwa asilimia 35 tu ya kura. Wengi waliomkasirikia walibaki Labour wakihofia kuwa kuhama kwao kungemwingiza madarakani Michael Howard wa Conservative, ambaye naye aliunga mkono vita. Labour iliihubiri hofu hiyo kampeni nzima, na ilifanya kazi.

Hispania ilikuwa tofauti, kwa kuwa huko chama kikuu cha upinzani, PSOE, kilipinga vita tangu mwanzo na kuahidi kuwarudisha askari nyumbani. Kura za maoni zilionyesha karibu Wahispania 9 kati ya 10 wakipinga uvamizi, lakini katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Mei 2003 chama cha Waziri Mkuu Aznar, aliyeunga mkono vita, hakikuporomoka. Hasira ilikuwapo, imelala. Iliamka baada ya mabomu ya treni za Madrid tarehe 11 Machi 2004, yaliyoua zaidi ya watu 190, na serikali kushikilia kuwa wahusika ni ETA, kundi la Wabasque wanaotaka kujitenga, huku dalili zikielekeza kwa wenye itikadi za al-Qaeda. Siku tatu baadaye wapiga kura walijitokeza kwa wingi kuliko mwaka 2000, PSOE ikapata viti 164 dhidi ya 148, na kiongozi wake Zapatero akaamuru askari wapatao 1,300 waondoke Iraq.

Liberal Democrats wa Uingereza walidhani wapiga kura waliochukizwa na vita vya Iraq wamekuwa wao moja kwa moja. Mwaka 2010 waliingia serikalini pamoja na Conservative, chama kilekile kilichokuwa kimeunga mkono vita, kisha wakakubali ada za vyuo vikuu kupandishwa hadi pauni 9,000 baada ya kuahidi kuzipinga. Katika uchaguzi wa 2015 walibaki na wabunge 8. Hornsey and Wood Green, Cambridge na Manchester Withington, yote matatu, yalirudi Labour.