Meya Aliyehesabu Mizani

Mtaje Sheikh Kaluta Amri Abedi mbele ya mpenzi wa ushairi, atakujibu: Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954. Mtaje mbele ya shabiki wa mpira, atakwambia ni uwanja wa Arusha. Ni wachache watakaokumbuka kwamba mwaka 1960 mshairi huyu, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa Meya wa Dar es Salaam. Mji huu uliwahi kuongozwa na mtu aliyetufundisha vina na mizani! Kwa sababu hiyo nilitaka kwenda Karimjee nikiwa na jambo jingine kichwani, si msiba.

Maana sisi wa Temeke, tuseme ukweli, Karimjee tunaijua kwenye televisheni: jeneza, mashada, foleni ya waombolezaji, viongozi wenye miwani myeusi. Mwaka 2019 pekee aliagwa pale Ruge Mutahaba, halafu miezi michache baadaye Reginald Mengi. Ukumbi umekuwa mlango wa kutokea wakubwa.

Nikashuka Posta ya Zamani, nikaenda kwa miguu hadi Bustani ya Mimea, jirani kabisa na ukumbi. Bustani ndiyo mkubwa wa hapa kwa umri. Mjerumani Franz Stuhlmann aliianzisha mwaka 1893, wala si kwa ajili ya watu kupunga upepo. Ilikuwa shamba la majaribio: mazao gani yatastawi katika koloni na kuleta faida? Kuna hata mnazi wa Shelisheli, ule ambao mbegu yake ni kubwa kuliko zote duniani. Siku niliyokwenda, chini ya miti walikuwepo vijana wawili wamelala fofofo na mama mmoja akihesabu chenji zake.

Zamani wasingekaa hivyo. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliupanga mji kwa kanuni za ujenzi zilizozaa majina tunayoyatumia mpaka leo kwa utani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Bustani iko Uzunguni. Mwafrika alifika huku kama mpishi, boi au mtunza maua, jioni akarudi kwao Kariakoo au Ilala, na baada ya Vita Kuu ya Pili, Magomeni na Temeke, mitaa ambayo serikali iliipima kwa ajili ya Waafrika.

Ukumbi wenyewe uliletwa na familia ya wafanyabiashara ya Karimjee Jivanjee, walioukabidhi kwa mji katikati ya miaka ya 1950. Abdulkarim Karimjee wa familia hiyo alikuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, kisha akapokewa na Adam Sapi Mkwawa. Humo ndimo walimokaa wajumbe waliopatikana kwa ile Kura Tatu ya 1958, mpiga kura akilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Humo Bunge la Tanganyika huru lilijadili uraia na jamhuri. Humo humo, mwaka 1962, ikapita Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Tusiupambe mno ukumbi huu: kuta zake zimesikia mema na mabaya.

Ila mimi ninachokiwaza zaidi ni lugha. Baraza la kikoloni lilijadili kwa Kiingereza. Kuli wa bandarini aishiye Temeke, hata angeruhusiwa kukaa sebuleni kusikiliza, angetoka na nini? Kiswahili kilikuja kuingia bungeni baada ya Uhuru. Ndiyo maana naona uzito katika kuchaguliwa kwa Amri Abedi mapema vile. Mtu aliyekwisha kuandika kwamba ushairi wa Kiswahili una sheria zake, zinazoweza kufundishwa na kupimwa, akawa mkuu wa halmashauri ya mji ambao sheria zake ziliandikwa kwa lugha ya wageni. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Oktoba 1964 akafariki, akiwa na miaka 40 tu.

Umeya aliokalia umepata misukosuko. Halmashauri zilifutwa miaka ya 1970 zikarudishwa, likaja Tume ya Jiji mwaka 1996, na mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yao Halmashauri ya Jiji. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja ile ya juu, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo leo, kwenye makaratasi, mtu wa Kinondoni au Temeke akija Karimjee anakwenda kwa jirani. Kondakta wangu wa kurudi hakuwa na habari hiyo. Alikuwa akiita abiria wa Tandika, na barabara ya upande wa pili wa bustani inaitwa Shaaban Robert.