Namna ya kuondoa uvundo ndani ya chombo cha baharini

HARUFU mbaya ndani ya chombo cha baharini ni jambo ambalo mabaharia wengi wamelizoea kiasi cha kulihesabu kuwa ni sehemu ya kazi. Nahodha huwasha udi, mwenye boti ya abiria hupuliza manukato, naye mvuvi husema kwamba chombo cha samaki hakiwezi kunukia waridi.

Hata hivyo, kila uvundo una chanzo chake, na chanzo kisipoondolewa uvundo hurejea kabla jua halijazama. Aidha, upo uvundo mmoja ambao, ukiachwa katika sehemu iliyofungwa, huua watu.

Makala haya yanaeleza uvundo huo hutoka wapi, huondolewa kwa utaratibu gani, na ni hadhari zipi zichukuliwe kabla mtu hajaingia chini ya sitaha kuusafisha.

Chanzo chake

Katika jahazi, mashua au boti ya kisasa, sehemu inayostahili kuchunguzwa kwanza ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ambamo maji hujikusanya juu ya mkuku. Maji hayo si ya bahari peke yake. Huchanganyika na damu ya samaki, magamba, maji ya barafu iliyoyeyuka, makombo ya chakula na matone ya mafuta ya injini.

Mchanganyiko huo ukituama gizani penye joto, bakteria humaliza oksijeni iliyomo majini. Baada ya hapo hushika kazi bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, ambao huigeuza salfa iliyomo katika chumvi za bahari kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ndiyo inayonuka kama mayai viza. Kwa kuwa maji ya bahari yana salfa nyingi kuliko maji baridi, ngama yenye maji ya chumvi yaliyotuama huwa na uvundo mkali zaidi.

Shombo ya samaki ni jambo jingine. Samaki wa baharini akianza kuharibika, bakteria hutengeneza katika nyama yake kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo hushika kwenye mbao, kamba na nguo.

Harufu ya ukungu hutokana na unyevu katika makabati, magodoro na matanga yaliyokunjwa yakiwa hayajakauka. Harufu ya dizeli au petroli huonyesha kwamba mpira au tangi linavuja. Katika boti zenye choo, mabomba yanayobakiza maji ya bahari kwa siku nyingi hutoa harufu ya mayai viza hata kama choo chenyewe ni safi.

Ikumbukwe pia kwamba betri ya injini inayochajiwa kupita kiasi hutoa harufu hiyo hiyo ya mayai viza. Nahodha anayesafisha ngama mara tatu bila mafanikio hana budi kuikagua betri.

Si kila harufu kali ni dalili ya ubovu. Sifa, yaani mafuta ya ini la papa ambayo tangu zamani hupakwa mbao za majahazi ya pwani yetu, hunuka sana, lakini kazi yake ni kuzihifadhi mbao hizo.

Hadhari kabla ya kuingia

Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, mahali ambapo msafishaji huinama. Pua ya binadamu huitambua ikiwa chini ya sehemu moja katika sehemu milioni moja za hewa. Inapofika kiasi cha sehemu 100, hulemaza uwezo wa kunusa kwa muda wa dakika chache. Ikizidi 500 mtu anaweza kupoteza fahamu na kufa. Ikifika 1,000 pumzi chache tu zinatosha kumwangusha.

Kwa sababu hiyo, anayeshuka katika tumbo la chombo na kuona uvundo mkali umetoweka ghafla asidhani kwamba hewa imekuwa safi. Huenda pua yake ndiyo iliyokwisha kulemaa. Atoke mara moja.

Hata pasipo gesi hiyo, samaki au mabaki yanayooza katika chumba kilichofungwa hula oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya takriban asilimia 21, na ikishuka chini ya asilimia 19.5 huhesabiwa kuwa ya hatari.

Ni vema vifuniko vyote vifunguliwe mapema, hewa ipite kwa muda wa kutosha, na ikiwezekana tanga au feni itumike kuisukuma hadi chini. Anayeingia afungwe kamba kiunoni, na mwenzake abaki juu akimtazama. Akianguka, avutwe kwa kamba. Aliye juu asimfuate kwa pupa, kwani katika ajali za namna hii mara nyingi hufa aliyetangulia pamoja na aliyekwenda kumwokoa.

Udi, mshumaa au sigara visiwashwe kamwe. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, hujikusanya ngamani, na cheche moja inatosha kuulipua.

Utaratibu wa kusafisha

Hatua ya kwanza ni kufua maji yote. Maji yaliyochanganyika na mafuta yasimwagwe baharini. Mafuta yanyonywe kwanza kwa matambara au unga wa mbao, kisha yapelekwe nchi kavu.

Hatua ya pili ni kuondoa uchafu wenyewe. Farumi, iwe ya mawe au mchanga, itolewe nje. Mchanga ulionyonya maji ya samaki kwa muda mrefu haufai kurudishwa, ubadilishwe. Mbao za sakafu ziinuliwe, na nafasi zilizo baina ya mataruma zisuguliwe kwa brashi, sabuni na maji.

Katika mataruma huwa kuna vitundu vinavyopitisha maji kutoka chumba kimoja hadi kingine. Vitundu hivyo huzibwa na magamba, na maji hubaki nyuma yake hata baada ya ngama kufuliwa. Uvundo mwingi usiojulikana unakotoka hukaa hapo. Vizibuliwe kwa kijiti au waya.

Maji ya kuoshea yasichotwe gatini, ambapo bandari humiminiwa taka. Maji safi ya bombani au ya bahari ya mbali na ufuko ni bora.

Hatua ya tatu ni kuondoa shombo iliyobaki. Siki au maji ya ndimu husaidia, kwa kuwa asidi huibadili trimethilamini kuwa chumvi isiyoruka hewani. Sehemu ipakwe, iachwe kwa dakika chache, kisha isuguliwe na kusuuzwa vizuri.

Hatua ya nne, hasa kwa vyumba vya samaki, ni kuua vijidudu kwa klorini. Mililita 30 za dawa ya maji yenye klorini ya asilimia 3.5, zikitiwa katika ndoo ya lita 10, hutoa nguvu ya takriban sehemu 100 katika milioni. Iachwe kwa muda wa dakika 10, kisha isuuzwe. Klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu, hivyo hutumika baada ya kuosha, si badala ya kuosha.

Klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu au dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na ndani ya tumbo la chombo hakuna pa kuikimbilia.

Hatua ya mwisho ni kukausha. Chombo kipwezwe maji yanapokupwa, vifuniko viachwe wazi, na magodoro, kamba na matanga vianikwe juani. Chombo kilichooshwa na kufungwa kikiwa na maji huanza kuvunda upya.

Kuzuia kuliko kutibu

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Samaki wawekwe katika masanduku yenye barafu badala ya kumwagwa sakafuni, ili damu na maji yao visishuke ngamani. Matumbo na mapezi yasiachwe chomboni hadi asubuhi.

Ngama ifuliwe kila baada ya safari, hata kama maji yaliyomo ni kidogo. Mabomba ya choo yasukumwe maji ya kutosha kila yanapotumika, na chombo kikitarajiwa kukaa bila safari, mabomba hayo yajazwe maji baridi.

Kazi hiyo huchukua saa chache, lakini faida yake huonekana sokoni, ambapo dalali hunusa kabla ya kutaja bei, na huonekana pia kwa abiria, ambaye uvundo humzidishia kichefuchefu cha mawimbi.

Zaidi ya yote, baharia aliyekwisha kuzoea uvundo wa chombo chake hawezi kutambua siku ambayo uvundo huo umegeuka kuwa sumu. Chombo kisicho na harufu humpa onyo mapema, kwa kuwa harufu yoyote mpya itakayozuka hapo itaonekana mara moja, na chanzo chake kitatafutwa kabla mtu hajashuka chini.