ITOSU ANKO: KARANI ALIYEIPELEKA KARATE SHULENI

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, vijana wetu wengi wakisikia neno karate hufikiria filamu na mateke ya hewani. Ni wachache wanaojua kwamba mchezo huu ulitoka faraghani ukaenea duniani kwa kupitia mlango wa shule, na kwamba mmoja wa waliofungua mlango huo alikuwa karani wa serikali. Kwa kuwa mimi nami naishi kwa mshahara wa kalamu, habari za mzee huyu zimenigusa, na nimeona si vibaya kuzieleza katika gazeti letu.

Itosu Anko alizaliwa mwaka 1831 katika mji wa Shuri, kisiwani Okinawa. Wakati huo Okinawa ilikuwa kitovu cha Ufalme wa Ryukyu, ambao tangu mwaka 1609 ulitawaliwa kwa mbali na mabwana wa Satsuma wa Japani, na papo hapo ukipeleka tunu kwa mfalme wa China. Kutokana na uhusiano huo, ufundi wa kupigana wa Wachina ulichanganyika na wa wenyeji, ukaitwa tode, yaani mkono wa China. Ulifundishwa kwa siri, kwa watu wachache. Itosu aliupata kwa Matsumura Sokon, mlinzi wa wafalme. Kazi yake mwenyewe ilikuwa ukarani katika utumishi wa mfalme.

Mwaka 1879 serikali ya Japani iliufuta ufalme huo, ikamhamishia Mfalme Sho Tai mjini Tokyo, na kuifanya Okinawa kuwa mkoa. Watu wengi wa tabaka la Itosu walipoteza vyeo na mapato. Ujuzi uliokuwa fahari yao ungeweza kuzikwa pamoja nao.

Itosu hakukubali. Mwaka 1901, akiwa na miaka 70, alianza kuwafundisha watoto wa shule ya msingi mjini Shuri. Mwaka 1905 akafundisha katika Shule ya Kati ya Kwanza ya mkoa, ambayo sisi tungeiita sekondari. Kwa ajili ya wanafunzi alitunga mifululizo mitano ya mapigo na kinga iitwayo Pinan, akiwaepusha na mbinu za hatari. Wanafunzi walijifunza kwa makundi, kama sisi tulivyopigishwa gwaride.

Mwaka 1908 aliandika waraka wenye nukta kumi, ukielekezwa kwa wakubwa wa elimu na wa jeshi. Sisi tunaoandika madokezo kila siku tunaitambua hapo kalamu ya karani mzoefu. Alieleza faida za kiafya, akasema kijana aliyezoezwa tangu utotoni atafaa jeshini, kisha akapendekeza wanafunzi wa chuo cha ualimu wafundishwe kwanza, wapelekwe katika shule za msingi, na ndani ya miaka kumi ufundi huo utaenea nchini. Alifariki mwaka 1915.

Wapo wanaomlaumu, wakisema aliigeuza silaha kuwa mazoezi ya viungo. Mimi naona lawama hiyo ni nyepesi. Lililo zito ni lile la jeshi. Mwaka 1945 vita vilipofika Okinawa, wavulana wa shule ile ile ya kati waliingizwa katika vikosi vya wanafunzi, na wengi wao hawakurudi. Itosu hakuwapeleka yeye, kwani alikwisha kufa miaka 30 kabla. Lakini hoja aliyoitumia kuwashawishi wakubwa, kwamba shule itaandaa askari, ndiyo hoja iliyokuja kuwala watoto wa kisiwa chake.

Hata hivyo, haki itendeke. Vita hivyo viliibomoa ngome ya Shuri na kuteketeza kumbukumbu nyingi. Karate haikuteketea, kwa sababu ilikwisha kutawanyika vichwani na mikononi mwa wanafunzi. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule, aliipeleka Tokyo mwaka 1922. Mabuni Kenwa alihamia nayo Osaka. Chibana Choshin alibaki kuifundisha Okinawa. Mwaka 1936 mabingwa walikutana Naha wakakubaliana iandikwe kwa maana ya mkono mtupu, na mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Kiyuna Ryo wa Okinawa alitwaa dhahabu.

Basi, ndugu zangu, wengi wetu leo tumo maofisini, kwenye bodi za shule na kamati za wazazi, na mapendekezo yetu huingia madarasani. Tukitaka wakubwa walikubali jambo jema, hushawishika kulifunga katika hoja wanayoipenda. Itosu anatufundisha kwamba hoja hiyo nayo hubaki ndani ya jalada, na siku moja mtu mwingine atalifungua akaitumia.