Linki zilianza kama kura

Vijana wenzetu, mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford huko Marekani, walianzisha Google. Wazo lao lilikuwa rahisi: linki ni kama kura. Ukurasa unaotajwa na kurasa zinazoheshimika unapanda juu. Basi wajanja wakaanza kununua linki na kukopi maandishi ya wenzao. Google ikajibu: Panda ya 2011 ikashusha kurasa hafifu na za kukopi, Penguin ya 2012 ikashusha zilizopandishwa kwa linki za hila.

Na sisi je? Mtu akitafuta jina la kambi yetu, anakuta maneno ya wageni tu. Tukiyakopi, tunawaongezea sauti wao. Tuandike tunayoyaona wenyewe, kura zitakuja.