Fataki za mwaka mpya: ni nani anatoa ruhusa, na hii sheria ilitoka wapi?

1/ Kila Desemba, kutoka Kitale hadi Bungoma, ugomvi ni ule ule. Mmoja anasema kaunti ipige marufuku fataki za nyumbani. Mwingine anajibu, "Hiyo ni sheria ya mkoloni, tuachieni raha zetu." Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Twende pole pole.

2/ Tuanze na baruti. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki na risasi zisiingie ovyo sehemu kubwa ya Afrika. Walichoogopa ni Mwafrika mwenye silaha. Usingizi wa jirani haukuwa kwa hesabu.

3/ Huku kwetu hofu hiyo ilikuja na damu. Mwaka 1895 Waingereza, wakiongozwa na C. W. Hobley, walipigana na Wabukusu Lumboka na Chetambe, pale juu ya Webuye. Bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu zilikuwa sehemu ya ugomvi huo.

4/ Kwa hivyo anayesema sheria ina harufu ya ukoloni hajakosea. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, tuliirithi kutoka enzi hizo. Inafuata mtindo wa Uingereza wa 1875, ambao uliweka fataki kapu moja na baruti ya kupasulia mawe. Ndiyo maana hadi leo mambo ya vibali yako upande wa madini. Wengi hudhani ni ofisi ya gavana.

5/ Sasa kaunti inaingilia wapi? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kaunti zilipewa kelele na kero za umma, burudani za umma, na huduma za zimamoto. Na kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinataja fataki kati ya shughuli zinazohitaji kibali.

6/ Kwa kifupi: baruti yenyewe ni ya serikali kuu. Saa, mahali na kelele, kaunti ina sauti. Mwanasiasa akikuahidi kwamba kaunti "itahalalisha fataki," muulize atahalalisha kwa mamlaka gani.

7/ Lakini kuna nusu ya pili, na hapa naongea kama mtoto wa Kitale. Kati ya 2006 na 2008 mlima Elgon uliwaka kwa sababu ya mashamba ya Chebyuk. Wanamgambo waliua watu, kisha Machi 2008 jeshi likaingia, na wananchi wakaumia tena. Wengi walikimbilia Bungoma na Kitale, na wengine wakabaki huku.

8/ Shangazi yangu ni mmoja wao. Mwaka mpya fulani kijana wa ploti ya pili aliwasha fataki saa sita usiku. Sisi tulitoka nje kushangilia. Kurudi ndani, tukampata shangazi amelala sakafuni, amewafunika watoto kwa mwili wake. Hakusema kitu. Asubuhi alipika chai kama kawaida.

9/ Yule kijana hakuwa mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba nyumba ya tatu kuna mtu aliyetoka Cheptais.

10/ Mtaniuliza: na kelele za tohara je? Mwaka wa tohara, Agosti, chinyimba zinalia usiku kucha na hakuna anayepiga simu polisi. Kweli. Lakini tohara ina msimu wake, kila mtu anajua inakuja, na wazee wanajua ni boma gani. Fataki hulipuka bila mtu kujua.

11/ Kwa maoni yangu, sheria iliyoandikwa kwa kumwogopa mwananchi inaweza kuandikwa upya kwa kumlinda. Fataki ziwe uwanjani, kwa saa inayojulikana, chifu na redio za hapa watangaze siku kadhaa kabla, na gari la zimamoto liwe karibu. Marufuku tupu hufanya watu wanunue kwa kujificha.

12/ Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Kwa hivyo mswada wa kelele ukiletwa kwenye wodi yako, usimwachie MCA peke yake. Nenda, na uende na mama wa jirani ambaye hawezi kulala Desemba 31.

Nyinyi wa Saboti, Kapsokwony na Webuye, kwenu huwa mnafanyaje?